Fundi, usifomati bado

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, habari hiyo ilifika hapa Kitengela, kaunti ya Kajiado, kama mambo ya watu wa mbali. Halafu kompyuta zikaanza kubadilishwa. Shule ya kutwa inanunua mashine za ex-UK kutoka maduka ya Moi Avenue, Nairobi, zahanati inaletewa moja na mfadhili, mwenye hadiwea naye hataki kubaki nyuma. Mashine inawashwa, folda ya programu ya zamani inahamishwa kwa flashi, mtu anabofya mara mbili, na katikati ya skrini kinatokea kisanduku: programu haiwezi kuanza kwa sababu MSVCR100.dll haipo kwenye kompyuta hii.

Fundi anaitwa. Anatazama, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu ambayo makarani kutoka Noonkopir hadi Bisil wameizoea: "Madam, hii ni ya kufomati tu."

Nimechoka na hukumu hiyo. Inawagharimu watu zaidi ya zile pesa wanazomlipa fundi, na mara nyingi haitibu hata ugonjwa ulioletwa.

Kisanduku kile kina sentensi mbili. Ya kwanza inataja faili isiyopatikana, ya pili inashauri programu isakinishwe upya. Watu husoma ya kwanza, wakashtuka, wakakifunga. Lakini ya pili ndiyo yenye jibu, kwa kuwa kilichofanyika hapo si kusakinisha. Folda imenakiliwa tu kutoka mashine moja hadi nyingine, na programu nyingi za Windows haziishi ndani ya folda moja.

Programu ya Windows haijibebei kila kitu. Kazi za kawaida, kama kuchora dirisha, kukokotoa desimali, kupanga tarehe au kuandika kwenye diski, zimewekwa katika maktaba za pamoja, zile faili ambazo majina yake huishia na herufi DLL, na programu nyingi huchota humo. Ni kama ploti ya vyumba kumi hapa Kitengela: hakuna mpangaji mwenye tangi lake, wote wanategemea lile moja lililo juu ya paa. Mpangaji akihama na kitanda, jiko na televisheni, tangi linabaki. Akifungua mfereji kwenye ploti mpya na kukosa maji, hana haki ya kusema yameibwa. Hayakuwa kwenye mizigo yake. Anayejua kila programu inategemea nini ni kisakinishi, ile faili ya setup ambayo ilikuja na CD mwaka ule programu ilipoletwa, na ambayo leo hakuna anayejua iko droo gani.

Mpango huu ulianza zamani, kompyuta zilipokuwa na kumbukumbu finyu na Windows ikiuzwa kwenye diski laini. Ilikuwa akili kutorudia kazi ileile katika kila programu. Baadaye ukaleta balaa lake: programu mpya ikisakinishwa ilifuta maktaba ya zamani na kuweka toleo lake, na programu nyingine zilizoitegemea zikaanguka. Windows 2000 ikaja na ulinzi wa faili za mfumo, na Windows XP ya mwaka 2001 ikaruhusu matoleo kadhaa ya maktaba moja kukaa bega kwa bega. Ndiyo maana programu yako haiombi maktaba yoyote tu. Inaomba ya rika lake, kwa jina kamili.

Na jina hilo linasomeka. MSVCR71 ni ya zana za Visual C++ za mwaka 2003. MSVCR100 ni ya 2010, MSVCR110 ya 2012, MSVCR120 ya 2013, na VCRUNTIME140 ni ya kuanzia 2015. Ukiona d3dx9_43, hiyo ni DirectX ya Juni 2010, na bila shaka kuna kijana anayejaribu kucheza gemu kwenye kompyuta ya ofisi. Fundi anayejua kusoma majina haya anajua programu iliandikwa lini kabla hajaifungua. Asiyejua anafomati.

Lakini programu nyingi ninazoziona zikikwama katika kaunti hii hazikuandikwa Marekani. Ziliandikwa na vijana wetu. Visual Basic 6 ilitoka 1998, na somo la Kompyuta katika mtihani wa sekondari wa KCSE, pamoja na karatasi yake ya mradi, likawafunza wanafunzi wengi kuchora fomu yenye vitufe na kuiunganisha na faili ya Access nyuma yake. Waliolimudu wakatoka na kuuzia shule programu ya karo, programu ya kuchanganua mtihani, programu ya kuandikisha wagonjwa. Programu ilikuja kwa CD iliyoandikwa nambari ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Ilifanya kazi, tena vizuri, kwa miaka mingi kuliko alivyotarajia mwenyewe aliyeiandika. Sasa ile nambari haipatikani na CD imejaa mikwaruzo.

Kwa programu za namna hii habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Microsoft iliacha kuzihudumia zana za kuandikia VB6 Aprili 2008, lakini maktaba yake kuu, MSVBVM60.DLL, bado inakuja ndani ya Windows yenyewe hadi leo. Ikiwa mashine inadai kwamba hiyo ndiyo haipo, kuna aliyeiondoa, na mshukiwa wa kwanza ni antivairasi. Kinachokosekana hasa ni vile vipande vidogo vyenye mkia wa OCX, ambavyo mwandishi alivitumia kwa ajili ya orodha, kalenda na vichupo. MSCOMCTL.OCX ndiyo mashuhuri kuliko zote. Hii haitoshi kuwekwa tu, lazima isajiliwe kwa amri ya regsvr32, tena kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri huteleza, na siwalaumu sana, maana Microsoft yenyewe ilipanga majina kwa namna ya kumpoteza mtu. Kwenye Windows ya biti 64, folda inayoitwa System32 huhifadhi maktaba za biti 64. Zile za biti 32 huwekwa kwenye SysWOW64. Ndiyo, umesoma sawasawa. Programu ya VB6 ni ya biti 32, kwa hiyo OCX yake inakaa SysWOW64 na kusajiliwa kwa regsvr32 iliyo humohumo. Fundi akiitupa System32 kwa kufuata jina, programu haitaiona asilani, naye ataapa kwamba ameiweka kwa mikono yake. Kweli ameiweka.

Njia ya pili ya kupotea ni tovuti za kupakua DLL moja moja. Andika jina la faili kwenye Google na zitajipanga, kila moja na kitufe kikubwa cha kijani. Kwanza, hujui aliyeiweka pale faili hiyo ni nani. DLL si hati ya kusomwa, ni msimbo unaotekelezwa ndani ya programu yenyewe, kwa uwezo uleule wa programu hiyo. Programu ikiwa ya karo, umemkaribisha mgeni kwenye daftari la karo. Pili, hata ikiwa safi, mara nyingi si toleo lako. Kisanduku cha kwanza kitaondoka na kingine kitakuja, safari hii kikisema kwamba mlango fulani ndani ya maktaba haukupatikana, au kikitoa namba 0xc000007b, ambayo mara nyingi maana yake ni kwamba biti 32 na biti 64 zimechanganywa. Mteja anaona kosa limebadilika na kudhani kuna maendeleo. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa ana makosa mawili.

Basi ifanyweje? Kwanza, piga picha ya kisanduku kwa simu, jina lote, pamoja na namba. Pili, fungua historia ya ulinzi ya Windows uone kama antivairasi haijaikamata faili hiyo na kuiweka kizuizini, maana programu za zamani zisizo na saini za kidijitali hushukiwa ovyo. Kama jina linaanza na MSVCR, MSVCP au VCRUNTIME, na si la zama za 2003, nenda kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe uchukue kifurushi cha Visual C++ cha mwaka husika. Ni cha bure, na kwa bando ni kidogo kuliko video chache za WhatsApp. Chukua cha x86, yaani cha biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu kinachoamua ni programu. Ukiwa na shaka, sakinisha vyote viwili, cha biti 32 na cha biti 64, havigombani. Kama programu inalilia mambo ya .NET ya zamani, toleo la 3.5 huwashwa kwenye orodha ya vipengele vya Windows bila kuzurura mitandaoni.

Kuna amri inayopendwa sana, sfc /scannow. Ni amri nzuri. Inakagua faili za Windows yenyewe na kurudisha zilizoharibika, na ikishindwa, amri nyingine, DISM, huisaidia. Ila nimeona watu wakiiendesha mchana kutwa wakitafuta MSVCR100, ambayo haikuwahi kuwa sehemu ya Windows. Askari wa lango hawezi kukuletea mgeni asiyekuwa kwenye orodha yake.

Kosa moja lina historia ya hapa kwetu kabisa. Kuanzia mwaka 2015 programu mpya zilipofunguliwa kwenye Windows 7, zilidai faili yenye jina refu kama treni, api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Dawa yake ilikuwa sasisho la kawaida lenye namba KB2999226, ambalo Microsoft ililigawa bure. Lakini nani alikuwa akisasisha? Kati ya hofu ya bando kuisha na hofu ya Windows isiyo na leseni kugunduliwa, watu walizima masasisho siku ileile kompyuta iliponunuliwa. Kwa miaka mingi makosa tuliyoyaita ya programu yalikuwa matokeo ya uamuzi huo mmoja.

Turudi kwenye kufomati. Fundi akifomati huwa anaokoa vitu vya mteja kwanza, na kwa kawaida huokoa vilivyo kwenye Desktop na Documents. Programu za kale hazikuweka data huko. Ziliiweka kando yao wenyewe, ndani ya Program Files, au kwenye folda iliyotundikwa moja kwa moja juu ya diski C. Hilo mafundi wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba tangu Windows Vista, programu ya zamani isiyo na mamlaka ya msimamizi hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Windows haiikatalii wazi, maana ingeanguka. Inaidanganya. Inaichukulia maandishi yake na kuyaweka kwenye folda iliyofichika inayoitwa VirtualStore, chini ya AppData ya mtumiaji yule, huku programu ikiamini imeandika pale ilipotaka.

Tafakari matokeo yake. Karani wa karo ameingiza malipo kwa miaka sita. Fundi mwangalifu ananakili folda kutoka Program Files, anahakikisha faili ya Access yenye mkia wa mdb imo, anafomati kwa amani. Folda ikirudishwa, programu inafunguka vizuri, ikiwa na data ya siku iliposakinishwa. Miaka sita ilikuwa VirtualStore. Hakuna kisanduku cha kosa kitakachotokea hapo, na hilo ndilo baya kuliko yote. Kosa la DLL angalau linapiga kelele.

Ndiyo maana namwambia fundi: kabla hujagusa chochote, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka, isakwe diski nzima kwa faili zote za mdb, dbf na mkia mwingine wowote wa hifadhidata, zipangwe kwa tarehe ya kubadilishwa, na ile iliyoguswa jana ndiyo iokolewe. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na mteja anapaswa kuilipia kwa furaha kama anavyolipia kufomati.

Wapo watakaosema lawama zote ni za Microsoft, ambayo kila baada ya miaka michache hutulazimisha kuhama. Kuhusu kuhama nakubali: kuitupa mashine nzima kwa sababu Windows 11 haitaki prosesa yake ni anasa ambayo shule ya Isinya haiwezi. Lakini kuhusu programu za zamani, kampuni hiyo imekuwa mwaminifu kupita kiasi. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi huko, alisimulia mwaka 2000 jinsi gemu ya SimCity ilivyokuwa ikisoma kumbukumbu ambayo ilikwisha kuiachilia, kosa lililopita kimya kwenye Windows ya kabla yake. Watengenezaji wa Windows 95 hawakuwaambia waandishi wa SimCity warekebishe gemu yao. Waliifanya Windows iitambue SimCity, na ikiitambua, iigawie kumbukumbu kwa namna ya pekee. Mfumo uliokubali kubeba kosa la mwingine namna hiyo si wepesi wa kuitupa programu yako ya karo.

Uaminifu huo una mpaka, hata hivyo, na mpaka wenyewe ni biti 16. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16 hata kidogo, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kuna programu za kati ya 1995 na 2000 ambazo zenyewe ni za biti 32, ila kisakinishi chake ni cha biti 16, kwa hiyo zingekimbia vizuri kama zingepata wa kuzifungulia mlango. Hili linawauma hasa wapimaji wa ardhi. Ardhi ya hapa, yenye hati zinazosomeka Kajiado/Kitengela na namba, imegawanywa na kugawanywa tena tangu ranchi za pamoja zilipoanza kukatwa, na hesabu za mipaka hiyo zilifanywa kwa programu za kila zama. Kuna za DOS, na kuna zilizolindwa kwa kidude kilichochomekwa kwenye tundu la printa, tundu ambalo kompyuta za leo hazina. Nyingine zinashikilia majira-nukta ya Cassini, mfumo wa ramani uliotumika kwa upimaji wa zamani nchini kabla watu hawajazoea UTM. Mteja anayegombania mita mbili na jirani hajali DLL. Anataka faili ya mwaka 1999 ifunguke.

Kwa hizo, usitafute maktaba, tafuta zama zake. DOSBox ni ya bure na huendesha mengi ya DOS. VirtualBox, ya bure pia, huunda kompyuta ndani ya kompyuta, na humo unaweza kusakinisha Windows ya zamani uliyo na leseni yake, ukaikata na mtandao kabisa, maana XP iliachwa bila ulinzi tangu Aprili 2014. Kidude cha printa kinaweza kukushinda hata hivyo. Mwenye mashine kongwe yenye tundu lile asiiuze kwa bei ya chuma chakavu.

Lakini yote haya ni kununua muda. Programu ikikubali kufunguka, jambo la kwanza si kuendelea kuingiza karo humo. Ni kuitoa data. Nchi hii imewahi kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: mwaka 2011 sekta ya afya iliacha utaratibu wa majedwali ya Excel yaliyotumwa kutoka wilayani na kuhamia DHIS2, mfumo mmoja wa taifa unaofunguliwa kwa kivinjari. Kivinjari hakimuulizi muuguzi wa Namanga kama ana MSVCR100. Sisemi kila shule ikimbilie mtandaoni. Mifumo ya kulipia kwa mwezi ina utumwa wake, na siku usipolipa, data unaiona dirishani tu. Ninachosema ni kwamba data itoke ikiwa CSV, inayosomeka kwa programu yoyote, iwe mahali ambapo mtu anapajua.

Na anayenunua programu leo, iwe ya sacco, ya kliniki au ya kanisa, aandike kwenye mkataba vitu ambavyo muuzaji wa 2006 hakuombwa: kisakinishi kamili pamoja na vifurushi vyote inavyovitegemea, maelezo ya majedwali ya hifadhidata, na kitufe cha kutoa data yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azitunze. Sioni anavyozitunza mtu asiyeweza kuzifungua, wala anayeiacha mashine yenye majina na afya za watu kwenye kaunta ya duka wiki nzima ikisubiri kufomatiwa.

Shule za sekondari ndizo zilizo na haraka zaidi. KCSE ya mwisho itafanywa 2027, na watahiniwa wake ni wale waliofanya KCPE ya mwisho ya shule za msingi mwaka 2023. Baada yao, programu ya kuchanganua matokeo iliyojengwa juu ya alama 12 za A na 1 ya E haitakuwa na mwanafunzi mpya wa kuingizwa, na kishawishi cha kuifuta kitakuwa kikubwa, hasa siku ikitoa kisanduku chake. Ila waliomaliza wataendelea kuja kwa miaka: anayeandikishwa polisi na amepoteza cheti cha kuacha shule, anayeomba chuo nje ya nchi na ametakiwa matokeo ya kila muhula. Mkuu wa shule anayetaka kuwajibu amwite fundi sasa, mashine ile ikiwa bado inawaka, afanye kilichopo cha kufanywa ili programu ifunguke, atoe orodha zote kidato kwa kidato, azichapishe na kuzipiga muhuri, kisha amkabidhi karani faili la karatasi na flashi mbili, moja ikae ofisini na nyingine isikae chini ya paa hilohilo.